Mkeka ulikuja baadaye

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Yoga ni mazoezi ya viungo au ni njia ya kiroho, na mwenye dini yake anaweza kuifuata?" Jibu langu ni kwamba yoga ni njia ya kiroho, tena si njia moja, na kwamba yale tunayoyafanya juu ya mkeka ni sehemu yake ndogo ambayo umaarufu wake ni wa juzijuzi. Sehemu ya pili ya swali haijibiki kwa ndiyo au hapana mpaka tujue ni njia ipi inayozungumzwa.

Jambo hili nilianza kulielewa barazani, si darasani. Miaka kadhaa iliyopita nilipanga chumba Dar es Salaam, karibu na mahekalu ya Kisutu, kwa bibi wa Kigujarati ambaye wapangaji wote tulimwita Ba, yaani mama kwa lugha yao. Siku hizo nilikuwa nikihudhuria darasa la yoga kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Jioni moja nilimkuta ameketi, mkono wa kulia ameutia ndani ya mfuko wa kitambaa, kidole cha shahada peke yake kikichungulia nje kupitia tundu. Ndani ya mfuko mlikuwa na uzi wa shanga 108, na kwa kila ushanga alilitaja jina la Krishna, mungu wa Kihindu, kwa midomo tu, bila sauti. Kidole kile hakitakiwi kuzigusa shanga, kwa kuwa ndicho cha kunyooshea wenzako na huhesabiwa kuwa kidole cha majivuno. Msomaji Mwislamu atatabasamu hapa, maana kwetu kidole hicho kina heshima nyingine kabisa. Nilipomwuliza kama naye hufanya yoga, alicheka akanionyesha magoti yake. Kumbe swali langu ndilo lililokuwa na kasoro, kwani alichokuwa akifanya ni bhakti, njia ya mapenzi na ibada, ambayo Wahindu wengi mno huifuata maisha yao yote bila kukunja kiungo.

Bhakti, pamoja na njia ya matendo na njia ya maarifa, hufafanuliwa katika Bhagavad Gita, utenzi mtakatifu wa Wahindu wenye sura 18 na beti zipatazo 700. Arjuna, mpiga upinde hodari, analitazama jeshi la upande wa pili na kuwaona humo babu yake, mwalimu wake na binamu zake, kisha anautupa upinde na kuketi ndani ya gari lake la vita akisema hapigani. Krishna, ambaye ndiye mwendesha gari, anamwambia katika ubeti wa 47 wa sura ya 2 kwamba haki yake imo katika tendo, wala haimo kamwe katika matunda ya tendo. Wengi hunukuu mpaka hapo wakanyamaza, ilhali ubeti unaendelea kumkataza pia asishikamane na kutotenda. Hapo ndipo ugumu wa karma yoga, yaani njia ya matendo, ulipo: huruhusiwi kutamani malipo, na huruhusiwi kukaa kitako. Mfano ulio karibu nasi ni seremala anayepiga randa mgongo wa kabati, upande utakaoegemezwa ukutani usionekane na mtu, kwa uangalifu uleule alioupa mlango. Siku hizi baadhi ya ashramu, yaani makao ya mafunzo ya kiroho, huliita karma yoga lile zoezi la wageni kufagia na kumenya mboga ili wapate pa kulala. Sina ugomvi na kufagia, ila tendo lililofanywa kulipia kitanda limekwisha kupewa tunda lake.

Njia ya maarifa, jnana, ni ya wachache. Mfano wake unaojulikana sana ni wa mtu anayeona kamba gizani akadhani ni nyoka: hakuna haja ya kumuua nyoka, taa inatosha. Ramana Maharshi, mwalimu wa kiroho wa India Kusini aliyefika mlima Arunachala mwaka 1896 akiwa na miaka 16 na kukaa huko hadi kufa kwake mwaka 1950, aliwarudishia wageni wake swali moja tu, "Mimi ni nani?"

Ya nne ni raja yoga, njia ya kuutuliza moyo na fikra, ambayo chemchemi yake ni misemo mifupi ya Patanjali, mwandishi wa kale wa India, isiyofika 200. Ngazi zake ni nane, nazo huanza na kutodhuru, kusema kweli na kutoiba. Mkao wa mwili ni ngazi ya tatu, nao umepewa misemo mitatu tu, wa kwanza ukisema uwe imara na wa raha. Kuzipanga njia hizi nne pamoja, kila moja kwa tabia ya mtu wake, tunakujua zaidi kupitia Vivekananda, mtawa wa Kihindu aliyehutubia mkutano wa dini mjini Chicago mwaka 1893. Mikao mingi ya madarasa ya leo imetujia kupitia Krishnamacharya, mwalimu wa yoga aliyefundisha katika kasri la Mysore, India, miaka ya 1930, na wanafunzi wake kama Iyengar.

Sasa, mwenye dini yake afanyeje? Kunyoosha mgongo na kupanga pumzi hakumfanyi mtu kuwa Mhindu, na karma yoga inaweza kueleweka na yeyote anayejua maana ya ikhlasi. Patanjali naye anamtaja Bwana bila kumpa jina la mungu fulani. Bhakti ni jambo jingine. Neno tarika nalo maana yake ni njia, na dhikri nayo ina tasbihi, lakini kufanana kwa vyombo kusitupoteze, kwa sababu anayetajwa ndiye kiini cha ibada yenyewe, na Ba hakuwa akitaja jina lolote lililomjia mdomoni.

Nilipomsimulia habari za darasa langu, hakuuliza kuhusu mikao. Aliuliza yale maneno ya Kisanskriti tunayoimba mwanzoni yanamsujudia nani. Nilikuwa nimeyaimba kwa miezi minne, na sikuwa na jibu.