Nani ataibeba?

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya usanifu majengo huku Arkansas, juzi nimeletewa tena ramani yenye boriti moja ya futi 40, kwa kiwanja cha mlimani ambako hata pikapu inafika kwa dua. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Boriti hiyo naijua.

1. Nendeni Thorncrown, kanisa dogo la mbao na vioo msituni Eureka Springs, mkaione kwa macho. Vipimo mmeshakariri: upana futi 24, urefu 60, kwenda juu 48, madirisha 425, mwaka 1980. Mnachosahau ni kwamba Fay Jones, msanifu wake, hakutaka msitu uharibiwe, akachora kwa mbao ambazo watu wawili wangeweza kuzipitisha begani katikati ya miti. Kenchi ziliungwa pale pale sakafuni, zikainuliwa.

2. Pimeni na njia. Hapa niungame. Mwaka wangu wa pili ofisini nilichora nyumba ya bibi mmoja, boriti ya paa futi 40, mbao za kugundishwa, kipande kimoja, kwa sababu sikutaka kiungo kionekane. Kiwanja nilikipima mara tatu. Kona ya barabara ya changarawe sikuipima hata mara moja. Lori likaja, likaenda mbele, likarudi nyuma, likaenda mbele. Dereva akazima injini, akashuka, akauliza kwa upole kabisa: "Nani kachora hii?" Nikajifanya nasoma ramani. Wiki tatu mhandisi akihesabu upya, kisha boriti ikakatwa katikati, ikafungwa kwa bamba la chuma na bolti 12. Jones, pale mbao zake zinapokutana juu, aliacha uwazi ndani ya chuma ili mwanga upite. Mimi niliacha bamba. Bibi wa watu alining'iniza taa mbele ya bamba hilo, na hakuwahi kunilaumu. Afadhali angenitukana.

3. Viungo chora kwa ukubwa halisi.

4. Acheni kujitambulisha kwa jina la Frank Lloyd Wright, yule msanifu mashuhuri wa Marekani. Jones alipita kweli mikononi mwake, akarudi Fayetteville kufundisha na kujengea watu wa huku nyumba. Medali ya Dhahabu ya AIA, taasisi ya wasanifu majengo wa Marekani, 1990, ilimkuta huku huku.

Mwenye ile ramani, kesho saa moja asubuhi tunakwenda kiwanjani. Beba futikamba. Kona ya kwanza unaipima wewe, mimi nitakaa garini na chai yangu.