Kwa nini taa zinagoma kila umeme unaporudi?

SWALI: Mtaalamu, salaam. Nina kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye Debian, aina ya Linux, inayoendesha Mosquitto, programu ya kupitisha ujumbe kati ya vifaa, na Zigbee2MQTT, inayoviunganisha vifaa visivyo na waya vya Zigbee, kwa ajili ya taa za nje na pampu ya kupandisha maji tangini. Umeme ukikatika na kurudi, kila kitu hugoma mpaka niandike sudo chmod 777 /dev/ttyUSB0, yaani jina la kifaa cha Zigbee kilichochomekwa kwenye USB. Fundi aliyenipa amri hiyo anashauri niiweke ijiendeshe kila kompyuta inapowaka, nisijisumbue kujifunza Linux. Je, ni sawa? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Si sawa, ndugu yangu, na umefanya vema kuuliza kabla ya kuiweka. Amri hiyo ya 777, inayompa kila mtumiaji haki zote juu ya kifaa, ninaikuta karibu kila ninapoitwa kutazama mfumo wa nyumbani, na huniudhi kwa sababu anayeitoa husifiwa kwa kutatua tatizo ambalo hakulitazama hata kidogo. Watu huamini kwamba Linux inapokataa jambo imeharibika, kwa hiyo dawa ni kuilazimisha. Kumbe ujumbe wa “Permission denied” ni taarifa kamili: programu imeomba kifaa kwa jina la mtumiaji asiyeruhusiwa, na ukiuliza, mfumo utakuonyesha anayeruhusiwa.

Uliza basi. Andika ls -l /dev/ttyUSB0, nawe utaona mstari unaoanza na crw-rw----, ukiwa na majina mawili: root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, na dialout, kundi la watumiaji. Herufi c inasema hiki ni kifaa, si faili la kawaida. Rw ya kwanza inampa root haki ya kusoma na kuandika, ya pili inalipa kundi la dialout haki hiyohiyo, na vistari vitatu vya mwisho vinawanyima wengine wote. Mtumiaji anayeendesha Zigbee2MQTT hayumo katika kundi hilo. Mwingize kwa sudo usermod -aG dialout, ukimalizia na jina lake, kisha uwashe kompyuta upya. Herufi a usiiache, kwani bila hiyo mtumiaji hutolewa katika makundi yake mengine ya ziada, pamoja na lile la sudo, na wapo waliojifungia nje ya kompyuta zao kwa herufi hiyo moja.

Ruhusa ya 777 haidumu kwa sababu /dev, mahali vifaa vinapoorodheshwa, haikai kwenye kadi ya kumbukumbu, bali hujengwa upya kila kompyuta inapowaka, na udev, programu inayosimamia vifaa, hurudisha ruhusa za awali. Kwenye usanidi wako pia tumia njia iliyomo ndani ya /dev/serial/by-id badala ya ttyUSB0, maana ukichomeka kifaa kingine namba hiyo inaweza kubadilika.

Ninaloliogopa zaidi ni kwamba tabia hii haiishii kwenye taa. Tangu toleo la 2.0, Mosquitto isiyosanidiwa hupokea miunganisho kutoka ndani ya kompyuta hiyohiyo tu. Mtu akiona vifaa vyake haviungani, hubandika mistari ya listener 1883 na allow_anonymous true aliyoinakili mahali, yaani kupokea yeyote kupitia porti (mlango wa mtandao) 1883 bila nywila, kisha hufungua porti hiyo kwenye ruta ili awashe taa akiwa kazini, na tangu saa hiyo mgeni yeyote kwenye intaneti anaweza kuwasha pampu yake usiku, tangi likiwa limejaa. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka malaki ya kamera, ruta na vifaa vingine kwa kujaribu nywila za kiwandani. Anayetaka kufikia nyumba yake akiwa mbali atumie WireGuard, njia ya kuunganisha kwa siri (VPN), ambayo imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020.

Wabaya kuliko wote ni wanaouza kadi za kumbukumbu zilizokwishaandaliwa na programu zote, wakimwambia mnunuzi achomeke tu. Niliwahi kuifungua moja ya mteja wangu nikakuta ufunguo wa muuzaji wa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali, bado umo, yaani aliweza kuingia kwenye kompyuta ya nyumba ile bila kuulizwa nywila. Ikiwa kadi yako iliandaliwa na fundi huyo, leo hii, kabla hujazigusa taa, andika cat ~/.ssh/authorized_keys, kisha sudo cat /root/.ssh/authorized_keys, uone orodha za funguo zinazoruhusiwa. Futa kila mstari usioutambua, halafu ubadilishe nywila kwa amri ya passwd.