Kilichotangazwa nje ya EXEC, ndani hakionekani

Niliwahi kuhudumia hifadhidata ya chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Kampala. Kila tawi lilikuwa na jedwali lake: Jinja, Mbarara, Gulu, Arua. Usiniulize kwa nini, niliikuta hivyo. Nilipotaka jumla ya mikopo ya tawi, niliunganisha jina la jedwali na maandishi ya amri, nikayapeleka kwenye EXEC, amri ya SQL Server (programu ya hifadhidata) inayoendesha maandishi kama amri. Ndani yake nikaandika SELECT @jumla = SUM(Kiasi), na @jumla, kigeu (jina linalobeba thamani), nilikuwa nimeshakitangaza mistari mitatu juu. SQL Server ikanitupia kosa 137: kigeu hakijatangazwa.

Kigeu nakiona kwa macho yangu! Kumbe maandishi yaliyo ndani ya EXEC huendeshwa kama kundi la amri linalojitegemea, na vigeu haviruki kutoka kundi moja hadi jingine.

Kwanza nilichukua njia ya mkato: kubandika thamani zenyewe ndani ya maandishi. Kwa kuchuja, ilikubali. Ikakubali mpaka tulipofika Mbarara, ambako watu hukopa kununua ng'ombe. Nilipochuja kwa sababu ya mkopo, ile alama ya juu kwenye neno ng'ombe ikafunga nukuu katikati, amri ikavunjika. Nilicheka, kisha nikaogopa, maana panapopita ng'ombe kwa bahati mbaya, mtu mwenye nia mbaya atapitisha DELETE yake, amri ya kufuta data. Isitoshe, jumla bado haikuwa na njia ya kutoka.

Tumia sp_executesql, inayoendesha maandishi ya amri (hapa yamo kwenye @sql) huku ikipitisha vigeu ndani na kutoa thamani nje:

EXEC sp_executesql @sql,
N'@sababu nvarchar(50), @jumla money OUTPUT',
@sababu = @sababu, @jumla = @jumla OUTPUT;

Tazama OUTPUT, neno linaloruhusu thamani kutoka: limeandikwa mara mbili, kwenye tangazo la vigeu na pale unapovipitisha. Ukiisahau kwenye tangazo, utapata kosa na utarekebisha. Ukiisahau pale unapopitisha kigeu, hakuna kosa lolote: kigeu kinabaki NULL (bila thamani), nawe unatuma ripoti yenye nafasi tupu. Mimi niliituma. Pia @sql iwe ya aina ya nvarchar (maandishi ya Unicode), si varchar.

Jina la jedwali halipitishwi kwa njia hiyo. Hilo litaunganishwa tu, lakini lilinganishe kwanza na orodha ya matawi, kisha lipitishe kwenye QUOTENAME, inayolifunga kwa mabano ya mraba.

Majedwali ya muda yana tabia yake. Lile ambalo jina lake huanza na #, ulilolitengeneza nje, ndani linaonekana vizuri. Ulilolitengeneza ndani hufutwa amri ikimalizika, kwa hiyo litengeneze nje, ndani ujaze tu. Kigeu cha aina ya jedwali hakionekani kabisa, sawa na vigeu vingine.

Na kabla ya kuendesha chochote, PRINT @sql uisome. Ila amri ikiwa ndefu, PRINT huikata baada ya herufi 4,000. Usije ukahangaika kutafuta mabano ya kufunga ambayo hayajapotea.