Mume wangu anasema bahari hii haijamalizwa

SWALI: Shikamoo Mzee wa Fremu. Mwezi uliopita nilinunua picha ya bahari ya rangi za mafuta, upana sentimita 90. Dukani niliiona nikiwa mlangoni, nikaganda: jua linazama, ngalawa mbili, maji yanameta. Nyumbani tumeitundika koridoni, na ukiisogelea huoni ngalawa wala nini, ni mabonge ya rangi tu. Mume wangu anasema mchoraji alichoka akaiacha njiani. Isitoshe, bonge la jua nikilibonyeza ni laini. Nimeuziwa mbovu?
Mama wa Watatu, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Mkwe wangu si wa kwanza kusema hivyo. Mwaka 1874 mjini Paris, Claude Monet alionyesha picha yake ya bandari ya Le Havre alfajiri, "Impression, soleil levant", yaani "Taswira, jua likichomoza". Mwandishi Louis Leroy akakejeli kwamba hata karatasi ya kubandika ukutani ambayo ndiyo kwanza inaanza kuchorwa imekamilika kuliko bahari ile. Kwa kejeli hiyo, na kwa neno "Impression" la jina la picha, wachoraji wa mtindo huu wakapata jina lao, waimpreshenisti.

Kosa ni korido. Wachoraji hawa hawachanganyi rangi mpaka ziungane. Huweka pigo la chungwa kando ya buluu, kazi ya kuchanganya wakaliachia jicho lako. Jicho nalo linataka nafasi, hatua tano au sita hivi. Ndiyo maana pale mlangoni ngalawa uliziona. Ihamishie sebuleni, kitovu cha picha kiwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Usiielekeze dirishani, utakuwa unaangalia dirisha lenyewe liking'aa juu yake. Mwanga uipige ubavuni, hapo kila bonge litatupa kivuli chake kidogo na wimbi litainuka.

Huo ulaini usikutishe. Akriliki, rangi inayochanganywa na maji, ingeshakauka siku nyingi. Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kuondoka kama nguo kwenye kamba. Mafuta yake ya kitani hunywa hewa taratibu mpaka yagande. Juu hufunga ngozi, ndani bado mbichi, na bonge nene huchukua miezi. Kwa hiyo acha kulibonyeza! Vanishi nayo isubiri hata mwaka. Vumbi liondoe kwa brashi laini, kavu. Kitambaa chenye maji ya sabuni, hata kukifikiria usikifikirie.

Jingine, kwa vile mko Tanga. Mimi niliwahi kutundika picha kwenye ukuta uliopakana na bafu. Masika yalipokwisha nikaishusha: mbele nzuri kabisa, nyuma turubai lote limeota ukungu kama limenyunyiziwa unga. Chagua ukuta mkavu, na pembe mbili za chini za fremu, kwa nyuma, gundisha vipande vya raba vyenye unene wa kidole ili hewa ipite.

Kiti cha mkwe wangu kiweke upande wa pili wa sebule.