Barua kwa Atupele: Karama na Mizani ya Chai

Mwanangu Atupele,

Simu ya Jumapili ilikatika kabla sijakujibu, na swali lenyewe si la kujibiwa kwa haraka, basi nimeona nikuandikie. Uliniuliza: mtu mzima, mwenye kazi na mtoto wa kulea, akimfanya mtu wa hadithini kuwa kielelezo chake, si utoto huo? Ukamtaja Karama wa Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert, yule yule niliyekuwa nikiwasomea wewe na kaka yako kwa taa ya chemli.

Si utoto. Linalonisumbua ni jingine: ukimchukua Karama, unachukua nini hasa kwake?

Karama alishtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria. Angeweza kusimama barazani akajisifu wema wake. Hakufanya hivyo. Alieleza habari za wajumbe sita, mmoja baada ya mwingine, waliotumwa kwenda kuitafutia nchi mambo mema, wakarudi nayo, wakatupwa gerezani. Aliitetea roho yake kwa kuwatetea wengine. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya mkoloni kwa miaka mingi, na kitabu kilipotoka mwaka 1951 mkoloni bado yupo. Ndiyo maana nchi yenyewe akaiweka angani. Ninalosema siku zote, na mama yako ameshachoka kulisikia, ni hili: kwa shujaa wa kitabuni azima tendo, mtu mwenyewe mwache kitabuni.

Mimi niliazima. Ulikuwa mdogo mwaka ule wa mizani. Tulikuwa tukipeleka majani mabichi ya chai kituoni, karani anatundika gunia kwenye mizani, anasoma, kisha anakata kilo za maji. Siku ya mvua hatukuwa na neno, maana jani likilowa linabeba maji. Lakini makato yalikuwa yale yale hata siku za jua kali, majani yamekauka hadi yanachakacha mkononi. Mama yako akaanza kupitisha gunia letu kwanza kwenye mizani ya mnunuzi wa mahindi pale njiapanda, anaandika kilo kwa penseli nyuma ya stakabadhi ya jana. Majirani nao wakaiga. Nikazikusanya stakabadhi zao zote, yetu nikaiweka ya mwisho. Usiku wa kuamkia mkutano wa wakulima sebule yetu ilijaa watu, wanakunywa chai na kuniambia, "Kesho tuko nyuma yako, Mwalimu."

Kesho yake nikasimama. Nikasoma ya kwanza: tarehe, kilo za njiapanda, kilo za kituoni. Nikasoma ya pili, nikasoma ya tatu. Wale wa jana usiku wakawa wanatazama mabuti yao. Mwenyekiti akasema, "Muda wako umekwisha, Wakili," na ukumbi mzima ukacheka. Jina la Wakili lilitoka hapo. Ndilo ulilokuwa ukitaniwa nalo shuleni, ukirudi nyumbani umenuna bila kutaka kusema kwa nini. Cheko la mwenyekiti nilishalisahau. Cheko la watu waliokunywa chai kwangu usiku ule bado linaniuma, mwanangu.

Ndipo mama yake Gwakisa, mjane wa pale ng'ambo ya mto, akanyanyuka kwenye benchi la nyuma, tenga lake bado liko mgongoni. Hakupaza sauti. "Hiyo ya nne ni yangu," akasema. "Soma."

Nikasoma. Nimepata furaha nyingi katika maisha haya, wewe ukiwa mojawapo, ila sina furaha inayofanana na ile.

Msimu uliofuata ikaja mizani mpya, na karani akahamishwa. Mama yako anaamini ni kwa sababu yetu. Mimi sina uhakika, na wala sidhani kwamba hilo ndilo jambo kubwa.

Nikilala nalitafakari upya. Karama alipata mfalme mwenye masikio. Mwandishi alimwandalia baraza la kumsikiliza hadi mwisho, na mwisho akaachiwa yeye na wajumbe wake wakafunguliwa. Sisi huku nani anatuandalia baraza? Halafu Karama hana ada ya kulipa, hana mkopo wa pembejeo. Usiku mwingine najiambia kitabu kile kinawapeleka watu mbele ya akina Majivuno kwa ahadi ambayo hakuna wa kuitimiza. Kukicha najipinga. Bila Karama ningesimama nikalalamikia magunia yangu, nikakaa, mambo yakaisha. Wazo la kuanza na stakabadhi za wenzangu halikuwa langu, lilikuwa lake. Basi narudi pale pale: azima tendo.

Mama yako anasema umchukue Utubora, wa kitabu kingine cha Shaaban Robert, aliyeacha kazi ya mjini akaenda kulima, na kwamba shamba la Kiwira bado lipo. Nimekufikishia ujumbe.

Sasa hilo la kazini kwako Njombe, la vibarua wanaokatwa posho. Ulilipitia juujuu kwenye simu, lakini nililisikia. Jibu ninalo. Nimeliandika hapa nikalifuta, maana najua ungelipokea kama amri ya baba, na atakayeingia ofisi ile Jumatatu ni wewe, si mimi. Kulizuia kunaniwia vigumu kweli.

Ila nataka kujua. Hao vibarua umeshakaa nao, mmoja mmoja? Nani amekubali jina lake lisomwe mbele ya bosi, na nani amekuomba umwache? Nipigie Jumamosi jioni, nitakuwa Tukuyu mjini, huko mtandao unashika vizuri.

Baba yako