Maswali na Majibu: Rejista ya vipimo inanikatalia

SWALI: Mashine pepe yetu ya siri (inayolindwa na TDX, teknolojia ya Intel) inatunza orodha za mizigo ya bandari ya Kigoma. Nikiandika kipimo (heshi, yaani alama ya kidijitali ya kilichopimwa) kwenye rtmr3, rejista ya kutunza vipimo, mara kerneli (kiini cha mfumo endeshi) inakataa, mara inapokea lakini nikisoma napata thamani nyingine. Kulikoni?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Ndugu msomaji, kerneli inataka baiti 48 ghafi za SHA-384, aina ya heshi inayotumika hapa. Ukiipa herufi 96 za heksa (baiti hizohizo zilizoandikwa kwa tarakimu 0-9 na herufi a-f), au amri ya echo ikiongeza baiti ya mstari mpya, utarudishiwa kosa. Pitisha heksa kwenye amri ya xxd -r -p kwanza, iigeuze kuwa baiti ghafi.

Thamani kubadilika si hitilafu. Kuandika hapa ni kurefusha: thamani ya zamani huunganishwa na kipimo chako, kisha vyote hupigwa heshi upya. Hakuna kufuta hadi mashine iwashwe upya, na hapo ndipo penye thamani yake: mvamizi wa saa nane hawezi kuficha kilichopimwa saa mbili.

Ila mpangilio ukigeuka, heshi nayo inageuka. Programu mbili zikirefusha pamoja bila kufuli moja linaloshika rejista na daftari la matukio (orodha ya kila kilichopimwa), daftari halitalingana na rejista, na mkaguzi anayelinganisha viwili hivyo ataikataa mashine nzima. Mpe mchakato mmoja tu kazi hiyo.