Barua ya rafiki, mnyoo ndani

Ndugu yangu wa Arua, unauliza imekuwaje kompyuta ya duka lako iambukizwe ilhali barua pepe ilitoka kwa mtu unayemjua. Ndivyo mnyoo, yaani programu hasidi inayojisambaza yenyewe, unavyosafiri: ukifungua kiambatisho, unaamka, unasoma orodha ya anwani zako na kujituma kwa wote kwa jina lako. Rafiki yako huenda hata hana habari. Mnyoo wa ILOVEYOU wa Mei 2000, ulioanzia Ufilipino, ulijifanya faili la maandishi tu. Jina la faili hilo liliishia na .TXT.vbs, na Windows ikaificha hiyo .vbs, alama ya kwamba ni programu, si maandishi. Ujanja wa kizamani, lakini bado unanasa watu.

Chomoa intaneti kwanza. Wapigie simu wateja wasifungue chochote kutoka kwako, ndipo usafishe kwa antivairasi iliyosasishwa. Nywila ibadilishie kwenye kompyuta nyingine.